UMEYAPATA WAPI MANENO HAYA?

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze kazi inayofanywa na Chama cha Historia kila Jumamosi katika chumba cha kompyuta. Watu wengi wanaopita dirishani hutuona tumeinamia vitabu vikuukuu vilivyoliwa na mende, huku mmoja wetu akipiga chapa, nao hudhani kwamba twatafuta njia ya kukwepa kufyeka majani. Sivyo. Twaandika orodha ya vitabu, magazeti, ramani na mazungumzo ya wazee yanayohusu Tanga na pwani yake, tangu Moa hadi Pangani na zaidi, na orodha hiyo twaiweka katika programu iitwayo Zotero. Programu hii hainunuliwi. Kila mtu aweza kuwa nayo, na kila mwenye ujuzi aweza kuifungua na kuona jinsi ilivyoundwa. Nitaeleza yafanya nini, na kwa nini twaona yafaa hata kwa sisi wa sekondari ambao bado hatujaiona milango ya chuo kikuu.

Shida iliyotufikisha huko ilianza na mkonge. Muhula uliopita Kidato cha Nne tulipewa insha juu ya zao hilo, na mtu wa Tanga akiambiwa aandike habari za mkonge huona amepewa kazi rahisi. Karibu kila insha ilisema kwamba mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche midogo 1,000 kutoka Florida katika Marekani, ikapitia Hamburg, na ilipofika huku kwetu iliyobaki hai ilikuwa 62 tu. Ndiyo hesabu iliyomo katika vitabu vingi. Lakini mwenzetu mmoja aliandika 26, na wawili waliokaa karibu naye wakaandika 26 vilevile, jambo ambalo kila mwalimu anajua maana yake. Mwalimu wetu hakukasirika. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umeyapata wapi maneno haya?" Tena hakuwaandikia hao watatu peke yao. Aliwaandikia hata walio sahihi, maana wengi wao hawakuweza kutaja kitabu wala ukurasa.

Swali hilo ni dogo, lakini ndilo shina la jambo lote. Mtu akisema kwamba miche 62 iliyosalia ilizaa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, msomaji ana haki ya kuuliza nani aliyeihesabu hiyo miche, na aliandika wapi. Jibu lake ndilo liitwalo rejeo. Rejeo kamili lataja mwandishi, jina la kitabu, mahali kilipopigwa chapa, aliyekipiga, mwaka, na ukurasa. Ukurasa ndio watu huusahau, nao ndio unaomwokoa msomaji asipekue kurasa 300 kutafuta mstari mmoja.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa kadi. Wazazi wetu waliopata kuingia Maktaba ya Mkoa pale mjini, ambayo hapo kale iliitwa kwa jina la Mfalme George wa Sita, watakumbuka makabati ya saraka ndogo ndogo zilizojaa kadi, kila kitabu na kadi yake. Mwalimu wetu alipokuwa akiandika tasnifu yake alikuwa na kadi zake mwenyewe ndani ya sanduku la viatu. Anasema siku moja mtoto wa jirani alilipindua, ikamchukua jioni nzima kuzipanga upya. Tena kadi zina shida nyingine. Ukimaliza kuandika, ukaambiwa kwamba chuo chako hakitaki mwaka uwekwe mwishoni bali baada ya jina la mwandishi, basi huna budi kukaa chini na kuandika orodha yote upya kwa mkono, rejeo moja moja.

Zotero ni sanduku hilo la viatu lililoingizwa ndani ya kompyuta. Kila kitabu kina kadi yake, na kadi ina nafasi zilizotengwa: hapa jina la mwandishi, hapa jina la kitabu, hapa mwaka, hapa mfasiri. Unaijaza mara moja tu. Baada ya hapo, unapoandika insha yako katika Word au LibreOffice, unabonyeza kitufe, unachagua kitabu, unataja ukurasa, na programu inaandika rejeo mahali hapo hapo. Ukifika mwisho unaiamuru ikupangie orodha nzima ya vitabu ulivyovitaja, nayo hukupangia kwa alfabeti bila kusahau hata kimoja. Ukiambiwa ubadili mtindo, unachagua mtindo mwingine, na orodha yote hugeuka kabla hujainua kikombe cha chai. Mitindo iliyokwisha andikwa ni zaidi ya 10,000, maana kila jarida la wataalamu lina kiburi chake cha mahali pa kuweka nukta na mkato.

Kitabu kipya chenye namba ya ISBN nyuma yake hakina taabu. Ukiwa na intaneti unaiandika namba hiyo, na kadi yajijaza yenyewe. Lakini vitabu tunavyovitafuta sisi vingi ni vya kabla ya namba hizo, zilizoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Hivyo twajaza kwa mkono, na hapo ndipo tulipojifunza mengi kuliko tulivyotazamia.

Nitatoa mfano wa utenzi mmoja, kwa kuwa ulitusumbua Jumamosi mbili. Vita vya pwani vilivyoanza mwaka 1888, ambavyo kiongozi wake mkubwa upande wa Pangani alikuwa Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wadachi mwezi wa Desemba 1889, viliandikwa na mtu wa pwani hii hii kwa mashairi: Hemedi bin Abdallah el Buhriy. Utenzi wake waitwa "Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima", na ulipigwa chapa mwaka 1955, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, kisha ukatolewa tena mwaka 1960. Kwetu sisi hiki ni kitabu kikubwa, kwa sababu maandishi mengi juu ya vita vile ni ya Wadachi wenyewe, na aliyepigwa naye yafaa asikilizwe.

Sasa jaribu kumtia katika kadi. Programu yauliza: jina la mwisho ni lipi, na la kwanza ni lipi? Jina la mwisho ni Buhriy, au el Buhriy? Katika orodha, atafutwe chini ya B au chini ya E? Na hilo "bin Abdallah" liende wapi? Ukijaza bila kufikiri, katika mitindo inayokata majina, baba yake mtu abaki herufi moja. Programu haikutengenezwa na watu wanaoitana bin fulani, lakini si ya kulaumiwa sana, kwa kuwa inatupa nafasi ya kuamua. Sisi tuliamua "el Buhriy" liwe jina la mwisho na mengine yatangulie, tukaandika uamuzi huo katika daftari la chama ili watakaotufuata wafanye hivyo hivyo. Mwingine aweza kuamua vingine. Kinachoharibu ni kuamua hivi leo na vile kesho, maana mtu mmoja atatokea katika orodha kama watu wawili.

Mambo kama hayo yampata hata Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wa Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kwetu kila mtu humwita Shaaban Robert kwa pamoja, kana kwamba ni neno moja. Programu humgeuza kuwa "Robert, Shaaban", na katika mitindo mingine "Robert, S.", hata mgeni asiyejua angedhani ni Mwingereza. Twamwacha hivyo, kwa sababu maktaba nyingi humworodhesha hivyo na twataka apatikane. Lakini kila tunapoandika "Kusadikika" twataja ni chapa ipi tuliyosoma. Kitabu kilitoka mwaka 1951 na kimepigwa chapa tena baadaye, na ukurasa wa chapa moja si ukurasa wa nyingine.

Kichekesho kilikuwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwenzetu mmoja aliliandika katika nafasi mbili za jina kama mtu, na programu ikalitoa katika orodha kama bwana mmoja wa ukoo wa Tanzania, Baraza la Mitihani likiwa jina alilopewa na wazazi wake. Dawa yake ni kitufe kidogo pembeni ya jina kinachozigeuza nafasi mbili kuwa moja. Kila chama, wizara, au shirika laandikwa hivyo.

Tuurudie utenzi wetu. Jina lake kamili katika chapa lina mwaka 1307, nao ni mwaka wa Hijra, yaani tangu Agosti 1889 hadi Agosti 1890 Miladi. Aliyekuwa akipiga chapa siku ile aliuona mwaka, akautia katika nafasi ya mwaka. Programu haina habari ya Hijra. Ikaupeleka utenzi juu kabisa ya orodha iliyopangwa kwa miaka, kana kwamba Wadachi walikuja Mrima karibu miaka 200 kabla ya Vasco da Gama kuiona Mombasa. Tulicheka, lakini tulijifunza kwamba nafasi ya mwaka ni ya mwaka wa kupigwa chapa kitabu ulichokishika, ambao kwa nakala tuliyoitumia ni 1960. Mwaka 1307 unabaki ndani ya jina, mahali alipouweka mwenyewe.

Jambo la mwisho kuhusu utenzi huo huenda likamfaa kila mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili. Baadhi ya mitindo ya Kiingereza hupenda kila neno kubwa la jina la kitabu lianze kwa herufi kubwa, na programu isipoambiwa huona kwamba kila kitabu ni cha Kiingereza. Basi "wa" na "vya" hugeuka "Wa" na "Vya", na jina zima laonekana kama tangazo la sinema. Katika kadi iko nafasi ya lugha. Andika humo herufi mbili, sw, ndiyo alama ya Kiswahili, nayo itaacha herufi zako kama ulivyoziandika. Wengi hawaijui nafasi hiyo kwa sababu iko chini, nao hubaki kusahihisha kwa mkono kila mara.

Nimesema kwamba twaandika pia mazungumzo ya wazee. Katika Zotero kadi si za vitabu tu. Ziko kadi za barua, ramani, miswada isiyopigwa chapa, na mahojiano. Mimi naiona kadi ya mahojiano kuwa bora kuliko zote kwa shule iliyo mahali kama hapa. Tulikwenda kumwona mzee mmoja upande wa Muheza ambaye miaka yake ya ujana ilikwisha kwenye mashine ya kukamua mkonge, ambayo watu wa mashamba huiita korona. Baada ya shikamoo na kahawa, alitueleza jinsi baba yake alivyokuja kutoka bara kama manamba, na habari za ile kadi ya kazi iitwayo kipande, iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi iliyokubaliwa. Siku ambayo msimamizi hakuikubali haikutiwa alama, ijapokuwa jasho lilikwisha toka. Tulimwuliza kama twaweza kuandika aliyosema. Akauliza, "Na mtaandika kwamba nimesema mimi?" Tukamjibu, "Ndiyo, babu, kwa ruhusa yako." Akasema, "Basi wajukuu zangu, andikeni na siku. Mtu asije akasema niliyasema nikiwa nimekwisha chakaa."

Basi kadi yake imo, pamoja na jina, mahali, na siku ya mazungumzo, na ruhusa yake imeandikwa katika nafasi ya maelezo. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa ruhusa aliyotupa ni ya orodha, si ya gazeti. Katika orodha yuko sawa na Dk. Hindorf. Hana kitabu, lakini ana rejeo, na mtu atakayetumia maneno yake hatasema tena "wazee husema", kama kwamba wazee wote ni mtu mmoja.

Sasa nije kwenye swali waliloniuliza wazazi wawili siku ya kutembelewa: kitu kizuri namna hii, mbona cha bure? Siri yake nini?

Programu ya kompyuta huandikwa na watu kwa maneno na alama, kisha hugeuzwa kuwa kitu ambacho mashine yaelewa na binadamu hawezi kukisoma. Wengi wanaouza programu hukupa hicho kilichogeuzwa tu, na yale maandishi ya asili huyaficha. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya asili yamewekwa wazi, na sheria yake yamruhusu kila mtu kuyasoma, kuyabadili, na kumpa mwenziwe. Ni kama tofauti ya vyombo viwili baharini. Kimoja umekikodi, chumba cha chini kimefungwa kwa kufuli, na kikianza kuvuja hapana ruhusa kukigusa mpaka mwenyewe aje. Cha pili mbao zake zote na mataruma yake yaonekana. Kikivuja, fundi yeyote wa Pangani au wa Deep Sea aweza kutia kalafati, na ukitaka kukiongeza urefu, aweza kukuongezea. Si kila baharia ni fundi, ni kweli. Mimi sijui kuandika programu hata mstari mmoja. Lakini yafaa kusafiri katika chombo ambacho mafundi wengi wamekikagua.

Zotero ilitolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 2006 na kituo cha historia katika Chuo Kikuu cha George Mason, jimbo la Virginia, Marekani. Yanifurahisha kwamba waliianzisha watu wa historia, waliochoka na masanduku yao ya viatu. Jina lake wamelitoa katika lugha ya Kialbania, neno zotëroj, lenye maana ya kumiliki au kulimudu jambo. Siku hizi yatunzwa na shirika lisilotafuta faida. Gharama zake zatoka hasa kwa watu wanaotaka kuweka mafaili mengi katika hazina yao ya intaneti: MB 300 za kwanza ni bure, ukitaka zaidi walipa. Kadi zenyewe hazina kikomo wala malipo. Hiyo ndiyo siri yote. Si programu pekee ya aina hii. Iko JabRef, iliyoanza mwaka 2003, ambayo hupendwa na watu wa hesabu na sayansi, nayo hutumia namna ya kuandika kadi iitwayo BibTeX iliyokuwako tangu mwaka 1985.

Miaka ya mwanzo Zotero haikuachwa itulie. Mwaka 2008 kampuni ya Thomson Reuters, ambayo wakati huo ilikuwa mwenye programu ya kuuzwa iitwayo EndNote, ilikishtaki chuo hicho mahakamani Virginia. Ililalamika kwamba Zotero ilikuwa imewezeshwa kusoma mafaili ya mitindo ya EndNote, na ikadai fidia ya dola milioni nyingi. Mwezi wa Juni 2009 mahakama ikaitupa kesi hiyo, na Zotero ikaendelea. Wakubwa hawa waligombania nini? Waligombania kama mtu aliyekwisha andika kazi yake ndani ya programu moja aweza kuitoa na kuipeleka kwingine. Kwa maneno mengine, orodha ni ya nani?

Swali hilo lilitufika hata sisi, ijapokuwa sisi ni wadogo. Wenzetu waliokuwa kabla yetu katika Chama cha Historia walianza orodha ya namna hii katika programu ya kuuzwa, ambayo sitaitaja jina, waliyopewa kwa majaribio. Siku za majaribio zilipokwisha, programu ilidai malipo kwa dola, na shule haina mfuko wa dola. Faili lipo hadi leo. Twaliona jina lake, twaliona ukubwa wake, lakini kulifungua hatuwezi. Mmoja wa walioiandika yuko chuoni sasa. Tulipompigia simu alikumbuka vitabu kama kumi tu. Watu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, likapotea likiwa mkononi.

Ndiyo maana jambo la kwanza alilotufundisha mwalimu wa kompyuta, kabla hata ya kujaza kadi, lilikuwa kuitoa orodha. Unachagua vitabu vyote, unaamuru programu ivitoe kwa namna ya BibTeX au RIS, na unapata faili la maandishi matupu ambalo hata programu duni kabisa ya kuandikia yaweza kulifungua. Ukilitazama utaona maneno ya kawaida: mwandishi huyu, mwaka huu, mji huu. Kesho Zotero ikifa, orodha haifi nayo. Sisi wa Kidato cha Nne twaondoka baada ya mtihani wa Novemba, na hatutaki wa Kidato cha Tatu watupigie simu wakiuliza vitabu kumi tunavyovikumbuka.

Uwazi huo umetufaa kwa jambo jingine pia. Mitindo ya marejeo katika Zotero ni mafaili ya maandishi, nayo ni huria vilevile. Mtindo tuliouchagua ulikuwa ukiandika kwa Kiingereza maneno ya kuonyesha mhariri na mfasiri, na katika insha ya Kiswahili yalionekana kama mawe katika wali. Mwalimu alilifungua faili la mtindo, akatafuta mahali pa maneno hayo, akaweka "mhariri" na "kimetafsiriwa na", akalihifadhi kwa jina jipya. Kazi ilimchukua muda wa kipindi kimoja. Hatukuomba ruhusa kwa mtu, wala hatukuvunja sheria ya mtu.

Lakini nisiisifu kupita kiasi. Programu haijui kitabu kizuri na kibaya. Ukiiandikia 26 itakuandikia 26, kwa nukta na mkato uliopangika vizuri, na kosa lililovaa suti hupita mlangoni kwa urahisi kuliko lililovaa matambara. Pia haisomi kwa niaba yako. Yuko mwanafunzi katika shule moja aliyejaza kadi 200 kutoka intaneti na hakusoma hata kitabu kimoja. Huyo ana orodha, hana elimu. Kadi zinazojijaza nazo huja na makosa, mara jina limekatwa, mara mji umegeuzwa kuwa mwandishi, na huna budi kulinganisha na kitabu chenyewe.

Tena wakati huu wetu kuna hatari mpya. Wapo wanaoziuliza zile programu za akili bandia ziwape vitabu juu ya mada fulani. Huweza kujibu kwa adabu na kutaja mwandishi, jina, na mwaka, na kumbe kitabu hicho hakikupata kuandikwa duniani. Kwa sababu hiyo chama chetu kina kanuni: hapana kadi inayoingia mpaka mmoja wetu ameshika kitabu mkononi au ameiona picha ya kurasa zake. Kadi ikitiwa, aliyekiona huandika herufi za jina lake katika nafasi ya maelezo, pamoja na mahali kitabu kilipo. Kazi huenda polepole. Hadi naandika haya tuna kadi 143, na nyingine tatu zinangoja kwa sababu mwenye vitabu amesafiri kwenda Lushoto.

Je, mtihani wa taifa utakuongezea alama kwa kujua haya? Hapana, na sitawadanganya wazazi. Katika chumba cha mtihani hapana kompyuta wala orodha ya vitabu. Faida ninayoiona mimi ni nyingine. Tangu tuanze, mabishano katika chama yamebadilika. Zamani mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda. Sasa mtu akisema jambo juu ya Abushiri au juu ya zile siku ambazo shule ya serikali hapa Tanga ilikuwa ikitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mdogo kabisa wa Kidato cha Kwanza humwuliza: umeyapata wapi? Na mkubwa hana budi kutafuta kadi au kukaa kimya. Nimeshuhudia kaka mkuu akikaa kimya.

Kwa wanaotaka kujiunga: Zotero imo katika kompyuta nne za upande wa dirisha. Shuleni haihitaji intaneti kujaza kadi wala kuandikia insha. Ile ya simu ipo, lakini simu kwetu haziruhusiwi bwenini, kwa hiyo ngojeni likizo. Kabla ya kunakili orodha kwenye flashi, ifungeni programu kwanza, kwa kuwa kunakili faili lililo wazi kwaweza kuiharibu nakala. Nakala ya maandishi matupu hutolewa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi: moja iko kwa mwalimu wa kompyuta, moja kwa mkutubi, na moja imechapwa kwenye karatasi na kufungwa kwa uzi wa mkonge, kwa siku ambazo umeme haupo. Na wazazi wenye vitabu, barua, magazeti ya zamani au picha za Tanga nyumbani, hatuombi kuvichukua. Twaomba tu kuja kuvitazama, tukiwa na kalamu na kadi, siku mtakayotupangia.